Upakie kilo ngapi? Mwongozo kamili wa mizigo ya karavani na gari-nyumba

Karavani ni tela la kuishi linalovutwa na gari. Gari-nyumba lina injini yake lenyewe. Vyote viwili vina tabia moja inayowaponza wasafiri: makabati yake yana nafasi ya mizigo mingi kuliko ile ambayo ekseli na tairi zinaweza kubeba. Karavani nyingi za ekseli moja zimeruhusiwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 tu. Ukitia mtungi wa pili wa gesi, hema la pembeni, viti, meza, kopo za chakula na maji ya chupa, ruhusa hiyo imekwisha kabla hujaweka hata shati moja, na kabati bado yanaonekana matupu.

Ndiyo maana orodha za "vitu vya kubeba" hazitoshi. Orodha inakuambia nini. Haikuambii kiasi gani. Njia inayofaa ni kuanza na kilo ulizonazo, kuzigawa kama unavyogawa fedha za matumizi ya mwezi, kisha ndipo uchague vitu.

Hatua ya 1: Zisome namba za gari lako

Tafuta bamba la uzito. Kwenye gari-nyumba mara nyingi lipo kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Kwenye karavani lipo karibu na mlango au ndani ya boksi la mbele la mitungi. Bamba la Ulaya kwa kawaida lina mistari minne: uzito wa juu wa gari likiwa na kila kitu, uzito wa juu wa gari pamoja na tela, uzito wa juu wa ekseli ya mbele, na wa ekseli ya nyuma. Namba zote hizo ni mipaka, na kila mmoja unasimama peke yake. Gari linaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla huku ekseli ya nyuma imezidi mpaka wake kwa kilo 120, na hilo ni kosa kamili kisheria na kiusalama.

Kwa karavani, ongeza namba mbili zinazosahaulika: uzito wa juu ambao gari linalovuta limeruhusiwa kuvuta, na uzito wa juu unaoweza kukaa juu ya tufe la kuvutia. Namba hii ya pili hutofautiana kati ya gari, chuma cha kuvutia na kichwa cha karavani (sehemu inayoshika tufe). Inayofuatwa ni ndogo kuliko zote. Gari likiruhusu kilo 75 na kichwa cha karavani kilo 100, mpaka wako ni 75.

Angalia na leseni yako. Katika nchi nyingi za Ulaya leseni ya kawaida ya gari dogo huishia kwenye gari lenye uzito wa juu wa kilo 3500, na ndiyo sababu magari-nyumba mengi yameandikwa namba hiyo hiyo hata pale ambapo fremu yake ingeweza kubeba zaidi.

Hatua ya 2: Pima kwenye mizani ya magari

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanaiamini karatasi. Kitabu cha gari kinasema uzito likiwa tayari kwa safari ni kilo 2950, wao wanatoa 2950 kwenye 3500 na kujihesabia kilo 550. Hesabu hiyo ina mashimo matatu.

La kwanza, kanuni za Umoja wa Ulaya zinaruhusu tofauti ya asilimia 5 kati ya uzito ulioandikwa na uzito halisi uliotoka kiwandani. Kwa gari la kilo 2950, hiyo ni karibu kilo 147 ambazo zinaweza kuwa zimekwishaliwa. La pili ni maji: baadhi ya watengenezaji huhesabu lita 20 tu, ingawa tangi linachukua lita 100 au zaidi. La tatu ni vifaa vilivyofungwa baadaye. Kiyoyozi cha juu ya paa ni kama kilo 30. Turubai la kivuli linalokunjika ukutani, kilo 25 hadi 35. Betri ya pili ya ampea-saa 100 ya risasi ni kilo 25 hadi 30. Chuma cha kuvutia tela, paneli za sola, keria ya baiskeli, televisheni na mkono wake: hakuna hata kimoja kilichomo kwenye namba ya kiwandani.

Kwa hiyo nenda mizani. Utaratibu wetu ni huu. Jaza tangi la mafuta. Acha mtungi wa gesi unaotumika, jeki, spea na vifaa vyote vilivyofungwa. Mwaga maji safi, maji machafu na tangi la choo. Toa nguo, vyombo na chakula. Dereva abaki ndani. Pima mara tatu: gari zima, kisha ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Jumla ya ekseli mbili inapaswa kukaribiana sana na uzito wa gari zima. Ikitofautiana kwa zaidi ya kilo 20 au 30, huenda gari halikusimama mahali palipo sawa, na upime tena. Ukipata mizani inayopima gurudumu moja moja, itumie, kwa kuwa jiko, friji na tangi la maji mara nyingi hukaa upande mmoja na kuulemea.

Kwa karavani, ipande mizani ikiwa imefungwa kwenye gari, magurudumu ya karavani pekee yakiwa juu ya sahani, halafu iachanishwe na kupimwa ikiwa imesimama peke yake. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni ule uzito unaolala kwenye tufe la gari.

Andika namba hizo kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa kabati. Zitakutumikia hadi siku utakapofunga kifaa kipya.

Hatua ya 3: Gawa kilo zilizobaki

Uzito wa juu ukitoa uzito wa mizani ndio bajeti yako. Kabla hujaigusa, toa akiba: kilo 50 kwa gari-nyumba, kilo 25 kwa karavani. Akiba hii si ya kujazwa siku ya mwisho kabla ya kuondoka. Ni ya hema lililolowa mvua, ya vitu utakavyonunua njiani, na ya kosa dogo la mizani.

Tuchukue mfano wa gari-nyumba la kilo 3500 ambalo mizani, likiwa na dereva na mafuta, imesoma 3060. Zimebaki 440. Mtu mzima mmoja wa kilo 65 na watoto wawili wa kilo 30 na 25 wanachukua 120, zinabaki 320. Lita 40 za maji, 280. Baiskeli nne na keria yake, kilo 60, zinabaki 220. Akiba ya 50, zinabaki 170. Viti, meza na mkeka wa nje 35, vyombo na chakula 45, matandiko 16, nguo na viatu vya watu wanne 28, vifaa na nyaya 20, vitabu, michezo na simu na kompyuta 15. Jumla ya hivyo ni 159. Umebakiwa na kilo 11 juu ya akiba.

Sasa fikiria familia hiyo hiyo ikijaza tangi la maji lita 100 kabla ya kuondoka, "tusije tukapungukiwa". Kilo 60 zaidi, na gari limekula akiba karibu yote. Likiongezewa mashua ya kupuliza na jiko la mkaa, limezidi.

Katika karavani, watu wako ndani ya gari, si kwenye tela, basi uzito wao unahesabiwa kwenye gari. Lakini kumbuka kwamba uzito uliolala kwenye tufe ni mzigo wa gari pia. Watu watano, buti iliyojaa na kilo 75 kwenye tufe vinaweza kuizidi ekseli ya nyuma ya gari dogo bila mtu kushtuka.

Maji

Lita moja ni kilo moja, na hakuna kitu kingine ndani ya gari unachoweza kukipunguza kwa kugeuza bomba tu. Kwa hiyo amua hapa kwanza.

Mtu mmoja kwa siku, akitumia kwa uangalifu, anahitaji lita 2 hadi 3 za kunywa, 4 hadi 5 za kupika na kuosha vyombo, 2 hadi 3 za uso na meno, na 2 hadi 3 za kusukuma choo. Weka 12. Kuoga kwa bomba la mvua kwa haraka, ukifunga maji wakati wa kujisugua, ni lita 10 hadi 15 nyingine.

Kama unakwenda moja kwa moja kwenye kambi yenye bomba, beba lita 20 za njiani na ujaze ukifika. Kama mtakuwa wawili, usiku mbili bila bomba, 2 mara 12 mara 2 ni 48, beba 50. Kujaza tangi nyumbani kwa safari ya saa sita kuelekea mahali penye bomba ni kulipia mafuta ya kusafirisha maji.

Maji machafu hayabebwi kabisa. Mwaga tangi hilo na lile la choo mahali palipotengwa kabla ya kuwasha gari. Tangi la choo lililojaa ni kama kilo 20, na mara nyingi liko nyuma ya ekseli. Tangi lililo nusu lina kero nyingine: maji hukimbia huku na huko kwenye kona na kwenye breki, hasa kama halina kuta za ndani.

Gesi

Watu hubeba mitungi miwili iliyojaa kwa mazoea. Mtungi wa chuma wa gesi kilo 11 una uzito wa jumla unaokaribia kilo 24. Miwili ni 48, tena ipo mbele kabisa ya karavani, kwenye pua, yaani ncha inayolala kwenye tufe la gari.

Fanya hesabu ya matumizi. Kupikia watu wawili ni kama gramu 200 kwa siku. Friji ya kutumia gesi hula gramu 300 hadi 400 kwa siku. Jumla ni karibu gramu 550, na kilo 11 zinatosha siku 20. Ukichomeka umeme wa kambi na friji ikaondoka kwenye gesi, mtungi huo unapikia zaidi ya siku 50. Kwa safari ya wiki mbili wakati wa joto, mtungi mmoja unatosha, na kitungi kidogo cha kilo 3 au 5 kiwe akiba.

Baridi hubadilisha kila kitu. Hita ya gesi ikifanya kazi mfululizo hula gramu 160 hadi 320 kwa saa, hivyo usiku na mchana wa baridi kali unaweza kumaliza kilo 3 au zaidi. Hapo mitungi miwili ni lazima, na iwe ya propeni: buteni huacha kugeuka mvuke joto likishuka karibu na nyuzi 0, wakati propeni huendelea hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Ikiwa mitungi ya aluminiamu inapatikana, inaokoa kilo 5 hadi 7 kila mmoja.

Nguo, matandiko na viatu

Pakia nguo za siku tano hadi saba, hata kama safari ni ya mwezi, kisha fua. Ukomo tunaoushauri ni kilo 8 kwa mtu mzima na 5 kwa mtoto, zikiwa kwenye mfuko laini. Sanduku gumu lina kilo 3 au 4 zake lenyewe na baada ya kufika halina mahali pa kukaa.

Uzito umejificha kwenye jinzi, taulo na viatu. Suruali moja ya jinzi ni gramu 600 hadi 800. Taulo kubwa la pamba ni gramu 500 hadi 700 na hukauka polepole ndani ya karavani. Taulo jembamba la kukauka haraka ni gramu 200. Viatu jozi tatu kwa kila mtu: vya kutembelea, vya kuogea, na vya kuvaa ukiwa umetulia. Blanketi nene la kila kitanda libadilishwe kwa duveti moja nyepesi na shuka mbili.

Jiko na chakula

Haba na haba hujaza kibaba, na jikoni ndipo msemo huu unapotimia. Sahani za kauri za watu wanne pamoja na mabakuli na vikombe hufika kilo 7 au 8. Za melamini hazifiki 3, na hazivunjiki zikigongana njiani. Kikaango kikubwa cha chuma cha kusubu ni karibu kilo 3. Cha aluminiamu ni kilo 1. Sufuria mbili zinazoingiana, kikaango kimoja, kisu kizuri kimoja, ubao, na vijiko kwa idadi ya watu: hivyo vinapika karibu kila kitu. Sahani moja ya ziada kwa ajili ya mgeni inatosha.

Chakula kiwe cha siku mbili au tatu, kisha nunua njiani. Kopo la gramu 400 lina karibu gramu 480 pamoja na bati lake, kwa hiyo kopo 20 ni karibu kilo 10, na zaidi ya nusu yake ni maji na chuma. Mchele na maharage makavu hukupa chakula kingi zaidi kwa kila kilo. Maji ya chupa, katoni mbili za chupa sita za lita moja na nusu, ni kilo 18. Jagi lenye chujio lina kilo 1.

Vifaa vya nje

Hapa uwe mkali. Haya ni makadirio ya kuanzia, lakini pima vyako kwa mizani ya kuning'iniza:

- Hema la pembeni lenye vyuma: kilo 25 hadi 40. Lile la kupuliza halipungui sana. La kivuli tu ni 8 hadi 15.
- Kiti cha kuegemea: 4 hadi 5. Kiti cha kukunja chepesi: 2.
- Meza: 6 hadi 8.
- Jiko la nje la gesi au mkaa: 6 hadi 12.
- Baiskeli ya kawaida: 12 hadi 15. Ya umeme: 22 hadi 25.
- Waya wa umeme wa mita 25: karibu 5.
- Kabari mbili za kusawazishia: 4 hadi 5.
- Kufuli la gurudumu: 5 hadi 8.

Ukikaa usiku mmoja mmoja na kuhama, acha hema kubwa. Kulisimamisha ni saa nzima na kulikunja likiwa limelowa ni adhabu. Nguo yake ikinyonya mvua huongezeka kilo kadhaa. Ukikaa wiki mbili mahali pamoja, hapo linastahili uzito wake.

Kuna vitu visivyopunguzwa hata bajeti ikibana: kizimamoto, blanketi la moto, kengele ya kugundua gesi ya kaboni monoksidi, kisanduku cha huduma ya kwanza, pembetatu za kuakisi na fulana za kuakisi, jeki inayobeba uzito wa gari lako, spana ya magurudumu, fyuzi na balbu. Vyote pamoja havizidi kilo 15. Spea ina kilo 20 hadi 25. Anayeiacha nyumbani ili abebe jiko la mkaa amekosea mizani ya mambo. Na waya wa umeme, ukiutumia, ufungue wote kutoka kwenye kibiringo: ukiachwa umezungushwa huku umebeba mzigo mkubwa hupata joto na kuyeyuka.

Hatua ya 4: Weka kila kilo mahali pake

Mzigo sahihi mahali pasipo sahihi ni mzigo mbaya. Kanuni ya karavani ni nzito chini na juu ya ekseli, za kati sakafuni mbele na nyuma kidogo ya ekseli, nyepesi kwenye makabati ya juu. Hema, vifaa, kopo na betri ya ziada vikae sakafuni katikati. Juu kabisa weka mikate, nguo nyepesi, karatasi na vikombe vya plastiki.

Usidhani kwamba unaweza kuweka kilo 30 nyuma kabisa, kisha ukaweka kilo 30 mbele kabisa ili kusawazisha. Uzito kwenye pua utasoma vizuri, lakini karavani itakuwa kama fimbo yenye mawe kwenye ncha mbili: ikianza kuyumba ni vigumu kuituliza. Ikiyumba barabarani, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani uelekee mbele, usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kuivuta kwa kuongeza mwendo. Kisha simama mahali salama upange mizigo upya, kwa sababu sababu yake bado imo ndani.

Kwenye gari-nyumba tatizo ni mkia mrefu nyuma ya ekseli. Mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma huongeza uzito kwenye ekseli hiyo kuliko uzito wake wenyewe, kwa sababu unaiinua ile ya mbele. Hesabu yake ni rahisi: jumlisha umbali kati ya ekseli mbili na umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye mzigo, gawanya kwa umbali kati ya ekseli, zidisha kwa uzito. Baiskeli na keria za kilo 60, mita 2 nyuma ya ekseli, kwenye gari lenye mita 4 kati ya ekseli: 6 gawanya kwa 4 ni 1.5, mara 60 ni 90. Ekseli ya nyuma imepata kilo 90, ya mbele imepoteza 30. Gari lenye kuendesha magurudumu ya mbele litateleza kwenye nyasi zenye unyevu, na usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi.

Ndiyo maana stoo kubwa ya nyuma ya gari-nyumba ni mtego. Kibandiko kinaweza kusema stoo inabeba kilo 200, lakini ekseli inaweza kufika mwisho wake kwa 120. Hamishia vitu vizito chini ya viti vya katikati, kati ya ekseli mbili. Betri za baiskeli za umeme, kilo 2 hadi 4 kila moja, zing'olewe na zisafiri ndani.

Halafu funga. Kwenye kugonga, kitu kilicholegea hurushwa kwa nguvu ya makumi ya mara ya uzito wake. Chupa ya lita moja na nusu juu ya meza inatosha kumuumiza abiria wa mbele. Kufuli za makabati zibonyezwe moja moja kwa mkono, kabla ya kuondoka, na mtu mmoja awe na jukumu hilo kila mara.

Hatua ya 5: Pima pua ya karavani

Uzito wa pua uwe asilimia 5 hadi 7 ya uzito halisi wa karavani ikiwa imepakiwa, bila kuvuka mpaka wa hatua ya 1. Karavani ya kilo 1250 inataka kilo 63 hadi 87. Ikiwa mpaka wa gari ni 75, lenga 70 hadi 75. Pua nyepesi ni hatari zaidi kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa ndiyo inayoanzisha kuyumba. Pua nzito kupita kiasi hushusha nyuma ya gari, hupandisha taa na kuupunguzia usukani nguvu.

Mizani ya bafuni inatosha kwa kipimo. Simamisha karavani mahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu. Weka mizani chini ya kichwa cha kuvutia na kipande cha mbao kilichokatwa ili kichwa kikae kwenye urefu uleule kinapokuwa kimefungwa kwenye gari. Tufe la gari lililopakiwa kwa kawaida huwa sentimita 35 hadi 42 kutoka ardhini. Juu ya mizani weka ubao mdogo ili uzito usikae sehemu moja. Pandisha gurudumu dogo la mbele polepole mpaka uzito wote ulale kwenye mbao, kisha soma.

Ikizidi au ikipungua, huna haja ya kubahatisha. Kitu kilichopo mbele ya ekseli huongeza pua kwa uzito wake mara umbali wake kutoka ekseli, gawanya kwa umbali wa ekseli hadi tufe. Mtungi wa kilo 24, mita 2.8 mbele ya ekseli, kwenye karavani yenye mita 3.5 kutoka ekseli hadi tufe: karibu kilo 19. Kuuhamishia mtungi kwingine haifai, kwa kuwa boksi lake ndilo lenye matundu ya kutolea gesi iliyovuja. Hamisha vitu vingine. Na kinyume chake: keria ya baiskeli ya kilo 40 ukutani nyuma, mita 2.5 nyuma ya ekseli, huondoa karibu kilo 29 kwenye pua. Karavani iliyosoma 75 sasa inasoma 46. Baiskeli za karavani zipande juu ya gari au ziende kwenye fremu ya mbele, zikihesabiwa.

Hatua ya 6: Tairi

Tairi ndiyo hulipa deni la mizigo iliyozidi. Soma namba ya uwezo wake ubavuni, kabla ya herufi ya mwendo: 95 ni kilo 690, 98 ni 750, 100 ni 800, 112 ni 1120. Karavani ya ekseli moja yenye tairi za 98 ina uwezo wa kilo 1500 kwa jumla, tairi zikiwa na upepo uliopangwa. Upepo ukipungua, uwezo unapungua, ubavu unajikunja, unapata joto, na tairi hupasuka baada ya saa mbili za mwendo wa kasi, si pale ulipoondoka. Pima upepo asubuhi kabla ya kutembea, zikiwa baridi, spea ikiwemo.

Tairi za karavani huzeeka kabla ya kuisha meno. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa ubavuni zinaonyesha wiki na mwaka: 1821 ni wiki ya 18 ya mwaka 2021. Zikipita miaka 5 zikaguliwe kwa makini, na zikifika 7 zibadilishwe hata zikionekana mpya.

Hatua ya 7: Pima tena, kisha rekebisha

Siku moja kabla ya safari ya kwanza, ukiwa umepakia kila kitu na abiria wote wamo, rudi mizani. Linganisha na mipaka yote, si ya jumla peke yake. Ikizidi, punguza kwa mpangilio huu: maji, mtungi wa pili, hema, chakula, viti. Nguo huja mwisho, maana ukihangaika siku nzima kwenye kabati la nguo huokoi zaidi ya kilo 4.

Ikiwa baada ya hayo bado imezidi, na fremu inaruhusu, mtengenezaji anaweza kukubali uzito wa juu mpya kwenye nyaraka, wakati mwingine kwa kubadili tairi au kuongeza springi za upepo. Springi za upepo peke yake haziongezi uzito unaoruhusiwa. Zinainua tu gari. Kubadili betri ya risasi ya ampea-saa 100 kwa ya lithiamu ya aina ya fosfati huondoa karibu kilo 15, na ni njia ya haraka kuliko kukata mizigo ya watoto.

Ukirudi nyumbani, toa kila kitu nje, hata kilichokuwa chini ya vitanda. Kwenye kila boksi weka karatasi yenye uzito wake na tarehe. Kitu ambacho hakikuguswa kwa safari mbili mfululizo, isipokuwa vya usalama na matengenezo, kibaki gereji. Mawe ya ufukweni, vipande vya kuni, chupa zilizobaki na mchanga uliojaa kwenye mkeka huingia kimyakimya kila msimu. Pima kila masika kabla ya safari ya kwanza.